Nyota Isiyokonyeza

Kabula mwanangu,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kikao kilichokaa tangu Jumamosi kati yangu na shangazi yako Nkamba, natangaza rasmi kwamba ndoo ya njano yenye mfuniko haitasafiri kwenda Dar es Salaam. Wajumbe walikuwa wawili na kura zikawa mbili. Moja ilisema ndoo zinauzwa hata Dar. Nyingine ilisema za Dar hazina mfuniko wa kubana. Mwenyekiti, ambaye ni mimi, akaongeza kura ya uamuzi. Shangazi yako amekata rufaa na amenuna. Ukirudi utamkuta ameikalia.

Basi. Tangazo limekwisha, na sasa sina pa kujificha.

Mambo ya kufunga mlango, kuchemsha maji na kutopokea soda ya mtu usiyemjua, shangazi atakuambia. Ameyaandika kwenye karatasi, pande mbili. Mimi nina jambo moja tu, na ninaliandika mchana huu kwa sababu umeenda kusuka Kirumba, na rasta ndogo zile huchukua saa sita. Ungekuwepo hapa ndani nisingeweza. Ninaogopa. Naliweka hapa juu mapema ili ukiona mwandiko unayumba usidhani ni uzee.

Jumapili ulinionyesha ile programu ya simu, ile ambayo ukiielekeza angani inazitaja nyota kwa majina kama mwalimu anayeita mahudhurio. Ukasema, "Baba, hii inarudi nyuma pia. Unaiwekea tarehe yoyote ya zamani, inakuonyesha anga lilivyokuwa siku ile."

Nikakuuliza, "Hata mawingu?"

"Mawingu hapana."

"Basi haijui kitu."

Ukacheka. Halafu ukasema, "Hapa bando linakwisha. Nikifika chuo kwenye intaneti ya bure nitaiwekea siku niliyozaliwa. Nataka niione ile nyota yako iliyokuongoza."

Nikachukua simu nikakuambia chaji inakwisha, nikaizima. Chaji ilikuwa tele. Ulinitazama kidogo, ukaenda kuosha vyombo. Tangu siku ile ugali naurudisha jikoni, na Nkamba anadhani nina vidonda vya tumbo.

Hadithi unayoijua ni hii: ulizaliwa ziwani usiku wa mvua, ndiyo maana unaitwa Kabula. Mama yako alikuwa anapelekwa zahanati, mawingu yakaifunika nyota niliyokuwa naifuata, tukapotea, Mungu akamchukua. Nimekusimulia hivyo tangu ukiwa na meno ya utoto. Mvua ni ya kweli. Mawingu pia ni ya kweli, ila nimeyasogeza. Hayakuifunika nyota yangu. Niliiona vizuri mwanzo hadi mwisho wa safari.

Nawe unakwenda kusoma upimaji wa ardhi. Kazi ya watu hao ni kusimama hapa, kutazama pale, na kusema kati ya hapa na pale kuna pembe kiasi gani. Utaiweka tarehe yako, utaona nyota ya baba yako haikuwa nyota, na utalipima kosa langu kwa digrii. Ndicho ninachokiogopa. Naogopa usome kwenye kioo cha simu, peke yako, kwenye chumba cha watu sita, halafu usirudi tena nyumba hii. Nimeona heri ulipate kwangu. Hata hivyo huenda usirudi, lakini angalau utakuwa umekasirika na mtu aliyekuambia.

Mwaka mmoja kabla hujazaliwa nilikuwa kambi ya dagaa kisiwani. Nilikuwa nimetoka Magu kwenye pamba, maji siyajui, na kuuliza sipendi. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikitoka watu hupumzika, wanashona nyavu na kugombana. Bara ilikuwa mashariki yetu, mwendo wa saa tatu kwa mtumbwi wa mashine ndogo, na siku hizo ng'ambo ile haikuwa na umeme. Ukiitazama ni weusi mtupu, kama ndani ya sufuria. Wenzangu waliozaliwa majini walivuka kwa upepo, kwa harufu, kwa mambo waliyofundishwa na baba zao. Mimi nikajichagulia nyota.

Niliichagua kwa akili, nikajisifu. Nyota nyingine zilikuwa zinakonyeza, zinatetemeka. Hii moja ilikuwa kubwa, nyeupe, imetulia, inatazama tu. Nikajiambia, huyu ndiye mtu mzima hapa. Ilikuwa inachomoza jioni juu ya mwalo wa ng'ambo, pale mitumbwi inapotia nanga chini ya zahanati, na kwa kuwa huku kwetu nyota zikichomoza hupanda wima kama mtu kwenye ngazi, niliweza kuielekea muda mrefu bila kukosea. Nilikwenda na kurudi mara nyingi msimu ule. Wenzangu walinicheka, wakaniita Nahodha wa Magu. Nilipofika mara zote, wakaacha kucheka. Jina likabaki.

Miezi ikapita, jioni nikawa naikuta juu zaidi, baadaye ikahamia magharibi, ikapotea kwenye mwanga wa jua. Sikushangaa, nyota zote zina misimu yake. Mwaka uliofuata ikarudi kuchomoza jioni. Nilifurahi kama nimempokea ndugu yangu stendi. Nikaona tu kwamba imechelewa karibu mwezi mzima.

Nyota hazichelewi, Kabula. Kila mwaka zinarudi siku zilezile. Ile ilichelewa mwezi mzima kurudi nyumbani, na mimi sikuiuliza ilikuwa wapi.

Mama yako Milembe alikuwa na mimba ya miezi minane kwa hesabu yangu, tisa kwa hesabu yake. Alitaka tuvuke mapema akasubiri ng'ambo kwa watu. Nikasema tungoje giza liishe, maana dagaa walikuwa wengi; mbalamwezi ikitoka tutavuka taratibu. Hilo nalo ni kosa, lakini ni la kawaida, wanaume wengi wamelifanya, na naliandika bila kusita. Nakwenda kwenye lile lingine.

Uchungu ulianza saa kumi jioni. Mpaka tupate mashine ya kuazima na mafuta ya kutosha safari moja, jua lilikuwa limezama. Mimi nilikaa nyuma, Nkamba katikati, na mama yako amelala juu ya nyavu kavu, kichwa kwenye mapaja ya Nkamba. Mawingu yalikuwa yametanda kote isipokuwa tundu moja upande wa mashariki. Ndani ya tundu, nyota yangu. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Mbele ya kisiwa chetu kulikuwa na jiwe refu, jeupe kwa mavi ya ndege. Mama yako alikuwa amekaa mwaka mzima anaanika dagaa akilitazama jiwe lile kila jioni. Tulipokuwa tunatoka, bado kuna mwanga kidogo, akainua kichwa.

"Masanja," akasema, "nyota yako leo imekaa vibaya. Mwaka jana ilikuwa inatokea kushoto kwa jiwe. Leo iko kulia."

Nami nilikuwa na jibu. Unanijua, jibu halinikosi. Nikasema, "Nyota haihami, mke wangu. Ni wewe unahamishwa na uchungu."

Nkamba akacheka. Mama yako naye akacheka kidogo, akashika tumbo. Hakulisema tena. Mimi sikulitazama lile jiwe. Ilikuwa ni kugeuza shingo tu, na mwanga ulikuwa bado upo.

Hilo ndilo. Nimekaa nalo miaka kumi na tisa na limechukua mistari michache kuliko ya ndoo.

Yaliyofuata nitayapita haraka. Tulifika ng'ambo, ila ng'ambo yenyewe haikuwa na mwalo wala mtu. Ilikuwa mafunjo na magugu maji, na magugu yakaikaba mashine, ikazima. Ulizaliwa humo ndani ya mafunjo. Nkamba alikupokea, ukalia, nikasikia vyura wamenyamaza wote kwa pamoja. Kisha Nkamba akasema, kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwake, "Kaka, damu haikatiki."

Nikashika kasia. Zahanati ilikuwa ama kushoto ama kulia, sikujua. Nikatazama nyota yangu tena, Kabula. Hata wakati ule niliitazama. Nikasema kwa kuwa nyota ni sahihi, basi ni upepo umetusukuma kushoto. Nikapiga kasia kwenda kulia. Mama yako akasema ana baridi, nikamfunika turubai la taa. Mvua ikaanza. Kulipopambazuka nikaona kilima cha zahanati nyuma yangu, mbali, upande wa kushoto. Tulipogeuza na kufika mwaloni alikuwa ameshaondoka. Wanawake waliokuwa wanasubiri dagaa wakakuchukua, mmoja wao akakunyonyesha pamoja na wa kwake. Sikupanda hata kilimani. Hapakuwa na la kupeleka huko.

Baada ya msiba niliacha ziwa, nikashuka Mwanza kutengeneza taa za wavuvi. Watu walisema nimeogopa maji. Maji hayakunifanya kitu. Niliyoiogopa ilikuwa inachomoza kila siku.

Ule ubao wangu wa plaiwudi uliokulia chini yake kwenye karakana, wenye madoa meupe na mekundu, uliokuwa unadhani ni pambo: meupe ni nyota, nimezichora zinavyokaa, nazo hazijahama hata moja tangu nizichore. Mekundu ni ile yangu. Kila wiki nilitoka nje, nikaiona iko karibu na nyota gani, nikaweka doa. Nilitaka kujua Milembe aliona nini.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja siku moja, wewe ulikuwa unatambaa. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Masanja, majirani wanauliza. Haya madoa ni ya nini?"

"Ni ya nyota, mwenyekiti."

"Nyota ya nani?"

"Ya mtu yeyote."

"Hapana, hizi nyekundu. Ni nyota ya nani? Mama Josefu anasema tangu uanze kuzipaka kuku wake wanakufa."

Nikamwambia ni mahesabu ya betri za taa. Huku kwetu unajua watu wameitwa wachawi na kupoteza maisha kwa macho mekundu tu, seuze madoa. Nikaugeuza ubao uangalie ukutani, nikawa naugeuza jioni tu. Nilikuwa na hofu mbili sasa, ya juu na ya chini.

Madoa yalikwenda mashariki, taratibu, kama mzee anakwenda sokoni. Kisha yakasimama. Kisha, Kabula, yakarudi nyuma. Miezi minne yalirudi yalikotoka, yakasimama tena, yakaendelea mbele. Yakafanya kitanzi. Nilipokiona kitanzi kile nilitaka kuuchoma ubao. Nyota inayohama ningeweza kuisamehe, lakini inayokwenda mbele na kurudi nyuma bila sababu, hiyo inanifanyia makusudi.

Nikaubeba ubao hadi mjini kwa Mzee Harish, yule Mhindi mwenye duka la vifaa vya umeme, ambaye babu yake ndiye aliyelifungua na vumbi la babu bado lipo. Nilikuwa namwona anasoma vitabu vinene nyuma ya kaunta. Unamkumbuka, alikuwa anakupa pipi za zamani zilizogandia karatasi.

"Masanja," akasema, "mimi nauza waya. Nyota siuzi."

"Nitazamie tu, mzee."

Akavaa miwani, akatazama muda mrefu, akafuata madoa kwa kidole hadi kwenye kitanzi, akaanza kutabasamu. "Hii wewe mwenyewe umepaka? Hukunakili mahali?"

"Ni mimi."

"Hii siyo nyota, bwana. Hii Mshtarii. Jupita. Hii sayari, iko kama sisi, inazunguka Jua. Ndiyo maana haikonyezi. Na hapa hairudi nyuma hata kidogo. Wewe unaipita."

Akasogeza kikombe cha chai katikati ya kaunta, kikawa Jua. Akachukua vizibo viwili vya soda. Cha ndani ni sisi: njia yetu ni fupi na tunakwenda mbio, mwaka mmoja tumemaliza mzunguko. Cha nje ni ile yangu: njia ndefu, mwendo wa pole, karibu miaka kumi na miwili mzunguko mmoja. Kila mwaka sisi tunazunguka, tunaikuta imesogea, inabidi tuongeze kama mwezi mmoja ndipo tuifikie. Na tunapoipita, kwa muda, sisi tulio kwenye chombo cha mbio tunaiona kama inarudi nyuma.

"Kwa hiyo kila mwaka inachomoza mahali pengine?" nikamuuliza.

"Kila mwaka inasogea. Mwaka mwingine kidogo, mwingine sana."

"Sana kiasi gani?"

Akanyoosha mkono wake mbele ya uso, akakunja ngumi. "Ngumi moja, inafika. Zaidi kidogo."

Ngumi moja. Jaribu hapo ulipo: nyoosha mkono, kunja, funga jicho moja. Upana huo, ukiutembeza majini saa tatu, unakuwa kama kutoka Kirumba hadi Mkuyuni. Ndio umbali kati ya mafunjo na zahanati.

Nilikuwa bado nimeshika ukingo wa kaunta. Ili nisionekane nalia nikauliza swali jingine lolote. Nikasema, "Na kwa nini zisiliangukie hilo Jua, kama linazivuta?"

"Zinaanguka," akasema Mzee Harish, anamimina chai. "Kila siku zinaanguka. Sisi pia, sasa hivi. Ila tunakimbia pembeni kwa kasi, kwa hiyo kila tukianguka tunalikosa."

Nikatoka dukani nimeshika ukuta. Nimeishi na habari hiyo hadi leo na sijaizoea. Tunaanguka, na watu wananunua nyanya.

Wewe ulipofika darasa la tano ukaja na kazi ya shule, mchoro wa Jua na sayari zimepangwa mstari kama watoto wanaokwenda chanjo. Nikakuambia siyo hivyo. Nikakuchorea uani: vijiti viwili vimechomekwa mchangani, uzi wa nyavu umefungwa kitanzi kuvizunguka, kijiti cha tatu kinavuta uzi na kuzunguka. Ikatoka duara iliyobonyezwa. Nikasema njia ya sayari iko hivi, siyo duara kamili. Jua linakaa kwenye kijiti kimoja, halikai katikati. Ikiwa karibu na Jua inakwenda mbio, ikiwa mbali inajikokota. Zile za kweli hazijabonyea sana hivi, ila nilikuwa na uzi mfupi.

Ukauliza, "Na kijiti hiki kingine ni cha nani?"

Nikasema, "Hakuna mtu. Pale pana utupu tu, lakini bila hicho njia haichoreki."

Ukafikiri, ukasema, "Basi ni cha mama."

Ukaenda kucheza kombolela. Mimi niliviacha vijiti vile mpaka mbuzi wa jirani alipoving'oa. Siku ile ndiyo ilikuwa siku ya kukuambia. Ulikuwa umenifungulia mlango mwenyewe. Nikasema bado mdogo. Ulipofika kidato cha pili nikasema ana mitihani. Kidato cha nne, mitihani tena. Mitihani ya nchi hii haiishi, ni baraka kwa waoga.

Labda hujawahi kujiuliza kwa nini baba yako hakuelekezi mtu njia. Mgeni akisimama karakana akauliza soko la samaki la Mwaloni ni wapi, na Mwaloni tunausikia harufu, mimi humwambia amuulize mwingine. Ulikuwa unanicheka: "Baba, si hapo tu chini!" Najua ni hapo chini. Ulipokuja na zile fomu za chuo ukaniuliza usome nini, ualimu, uuguzi, au upimaji, nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka ukaamua. Ulidhani sijali. Nilikuwa nimekaa gizani nimeshika magoti, namwomba Mungu usiniulize mara ya pili, maana ningejibu, na jibu langu lingekuwa zuri.

Hilo ndilo nililojifunza, kama unataka mafunzo. Naogopa majibu yangu mazuri. Siku ile kwenye mtumbwi nilikuwa sahihi kwa maneno. Nkamba alicheka, hata Milembe alicheka. Mtu akiwa kwenye uchungu akakuambia kitu kimehama, usimtafutie neno. Geuza shingo. Sina zaidi ya hapo, na hata hilo nalisema kwa mashaka, kwa sababu limekaa vizuri mno kwenye karatasi.

Jana nimegombana na shangazi yako jikoni, wewe ulikuwa unakunja nguo. Alijua tangu mwanzo, alikuwepo, alicheka. Ndiyo maana hajawahi kulala mbali na wewe. Akanong'ona, "Kaka, mwambie mtoto."

"Nitamwandikia."

"Kwa nini usimwambie kwa mdomo kama watu?"

"Mdomo ndio uliotufikisha kule."

Akakoroga mboga ambayo haikuhitaji kukorogwa. Kisha akasema, "Na mimi uniandike. Useme nilicheka."

Nimeandika.

Sasa hofu zangu, nizimalize. Naogopa utaisoma barua hii ndani ya basi, mahali fulani baada ya Shinyanga, na hutakuwa na mtu wa kumtazama isipokuwa abiria anayekula mayai. Naogopa utazima simu. Naogopa pia hutaizima, utanipigia, na nitasikia unavuta pumzi, na nitatafuta neno la kuchekesha. Nikilipata, kata simu.

Na kuna hofu nyingine ambayo haihusiani na mama yako, au labda inahusiana. Kuanzia kesho wewe uko njia ya ndani, ya mbio. Mwaka mmoja tu huko utakuwa umesoma mambo ambayo mimi nimeyahangaikia kwa madoa ya rangi. Utakuja likizo utanikuta kama narudi nyuma: nauliza nililokwisha kuuliza, naeleza habari za Mshtarii kwa makosa, nashangaa bei. Mzee Harish angesema ni wewe unanipita tu. Mimi sina hakika. Sayari ina ubao wa kuipimia, baba hana.

Ukitaka kukasirika, kasirika kwa muda wote unaohitaji. Sikuwekei mwisho. Kama unataka kuiweka tarehe kwenye simu, iweke, nitakuambia cha kutazama: mashariki, saa moja na nusu jioni, kubwa, nyeupe, haikonyezi. Halafu rudisha nyuma mwaka mmoja na mwezi mmoja hivi, saa ileile. Utaona tofauti. Mama yako aliiona kwa macho matupu, amelala chali, akiwa na uchungu, na hakuwa amesoma zaidi ya darasa la saba. Ukipata cheti chako cha upimaji, kumbuka ulikitoa wapi.

Limebaki moja. Nimeliweka mwisho makusudi, kwa sababu ungelisoma mwanzoni ungeliegemea, ungenisamehe haraka halafu usisome mengine. Sitaki hivyo. Kwangu halibadilishi kitu: sikulijua nilipokuwa nashika usukani, na shingo sikuigeuza.

Jumanne nilikuaga kwamba nakwenda kununua nyaya. Nilikwenda ng'ambo, kwenye ule mwalo, mara yangu ya kwanza tangu siku ile. Nilitaka kuona njia ya kupanda kilimani ina urefu gani. Siku hizi kuna umeme na bomba. Nikamkuta mama mmoja mzee anafagia uwanja wa zahanati; nikamwamkia, nikajieleza kidogo tu, akaegemea ufagio.

"Wewe ndiye yule wa mtumbwi? Wa mtoto wa mvua?"

Nikasema ndimi.

"Mtoto alipona?"

"Alipona. Anakwenda chuo kikuu."

"Eee, Mungu mkubwa," akasema. "Tuliwasikitikia sana siku zile. Tukasema maskini, hata wangefika jioni ileile wangefanya nini."

Nikamuuliza kwa nini anasema hivyo. Akanishangaa, kana kwamba ni jambo ambalo kila mtu wa pale analijua.

Zahanati ilikuwa imefungwa wiki nzima. Muuguzi alikuwa mmoja tu, alikwenda kwenye msiba, na funguo alikwenda nazo.